Korongo wa Kwenye Jezi

Nyamirambo, Jumamosi, Julai 1991

Na bado wanamsifu Zaina, kana kwamba jezi anazoshona Baba Mdogo hazikuwahi kuwa na nembo kabla yake.

Ya kwanza niliichora mimi: korongo amefungua mabawa. Baadaye nikabakisha kichwa tu, ili cherehani isihangaike. Leo Zaina, binti yake Baba Mdogo, ameleta mchoro wa radi. Mistari miwili, basi.

"Mwanangu, korongo wako anakula uzi," Baba Mdogo aliniambia. "Radi inaisha kabla chai haijapoa."

Golikipa wa timu, aliyefuata jezi, akanicheka. "Afadhali, dada! Tulichoka kukimbia na ndege kifuani."

Kisha nikapewa wembe nifumue korongo kwenye jezi za zamani, Zaina ashone radi palepale. Mimi! Wangeweza hata kumpa Zaina mwenyewe...

Nina wivu.

Nilifumua. Lakini buluu ya zile jezi imechuja kwa jua, isipokuwa mahali uzi ulipoifunika. Korongo akabaki, buluu nzito, mdomo na kila kitu. Radi ya Zaina ni ndogo, haimfuniki.

"Atatoka tukifua?" Zaina aliniuliza, karibu kulia.

Nikamwambia sijui. Najua. Hatoki.