Kaburi Moja Tu

Mjukuu wangu Lameki,

Sisi hapa Mbozi tu wazima. Bibi yako amemaliza kuchuma kahawa, ila mgongo unamsumbua. Barua yako imefika.

Unauliza kama ulikosea kumpiga mwenzako, hata akaanguka, kwa sababu alimtania marehemu baba yako.

Enzi za Mwingereza, nikiwa kijana, tulimzika baba yangu. Yona, mtani wa ukoo wetu, akavaa koti la marehemu, akaigiza kikohozi chake palepale kaburini. Ndiyo kazi ya mtani msibani, na watu walicheka huku wakilia. Desturi niliijua, lakini kikohozi kile kilikuwa cha baba kabisa. Nikampiga kichwani kwa mpini wa jembe.

Akaanguka, akazimia. Hakuna aliyenigombeza. Mama alimfunga jeraha kwa khanga yake, na jeneza likasubiri juani. Nilipiga magoti nikikitazama kifua cha Yona kama kinapanda. Hasira yote ilikuwa imenitoka. Nilibaki na mpini mkononi.

Mwishowe Yona akafumbua macho. “Mtani,” akasema, “mmechimba kaburi moja tu. Mimi mlitaka kunilaza wapi?”

Watu wakacheka. Mimi mpaka leo sijacheka.

Lameki, umejaza kurasa mbili ukieleza jinsi mwenzako alivyokuudhi. Nimezisoma nikazirudia, na hujaandika popote kama aliinuka. Niandikie hilo kwanza.

Ni mimi babu yako, ninayeisubiri barua.