Macho Yaliyodhaniwa ya Salfa

Mjukuu wangu, mume wangu Hamisi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Makote tu wazima. Mama yako anapuliza salfa, ile dawa ya unga wa manjano, kwenye mikorosho, amekuwa manjano hadi kope.

Unauliza kama usubiri macho yako ya manjano yapone yenyewe, kwa kuwa huumwi popote. Kaka yangu Saidi naye hakuumwa. Macho yake yalipokuwa manjano msimu wa salfa, tulidhani ni vumbi lake tukamcheka: "Kanawe, bwana shamba!" Akanawa kwa maji yetu ya shida. Uso ukatakata, macho yakabaki manjano, na mkojo ulikuwa kama chai ya rangi. Mama yetu akakataa dawa za mizizi, akampeleka hospitali Newala. Walipima damu, wakakuta ini linaugua. Alitibiwa, akapona.

Ukifika hapa kwenye kusoma barua hii, inuka uende hospitali. Ukishapimwa nipigie, simu nitaishika mkononi hata shambani.

Bibi yako