Vidole Vinne vya Pindo

Kaka yangu mhubiri,

Huku tu wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwacha, na cherehani yangu imepata mkanda mpya.

Barua yako nimeisoma. Unasema nisilie tena, Mungu anajua ninavyojisikia tangu tumzike binti yangu. Haya. Jana nilifumua sare yake ya shule. Kwenye pindo nilikuwa nimekunja vidole vinne vya kitambaa, niishushe akirefuka. Hapo ndani kitambaa bado kipya, hakijapauka.

Mungu alijua hatarefuka. Mimi sikujua, nikakunja huku naimba. Sasa niambie, kaka: ajuaye yote tangu mwanzo, amewahi lini kutumaini?

Basi usininyamazishe. Nitalia, na Yeye akitaka kujua ninavyojisikia, asikilize.

Ni mimi dada yako,
Fundi