Siku ya Bazazi Nilisogeza Miye Mwenyewe

Mama Kasongo wangu,

Kaa vizuri kule uko, nikuelezee namna bwana yako alishinda inchi mbili.

We njo ulinifundisha kushikamanisha siku za konji, zile za kupumzika bila kazi. Wakati nilikuwa ningali ku kazi ya reli, ukisikia tu konji imeangukia kazi tano, ile Ijumaa, unaanza kufunga bintu mbele hata sijavua viatu. Unasema: "Baba Kasongo, serikali inatupatia siku moja, ingine tunajitafutia." Njo vile tulienda kuona maporomoko ya Lofoi, na mi nikakataa kuuliza njia. Mpaka unakufa ulisema tulipotea. Hatukupotea, mama. Tulizunguka.

Sasa sikia. Odile, mutoto wetu wa mwisho, unajua iko na bwana yake kule Kitwe. Siku tunakuzika, alikuwa mu hospitali anazaa. Na kila tarehe moja ya mwezi wa munane, wakati Lubumbashi nzima inaenda asubui kusafisha makaburi, kiisha mangaribi batoto banapakulia bazazi chakula, yeye iko ku kazi, sababu kule Zambia ile siku haina konji. Udongo yako hajaigusa hata mara moja. Anapiga simu analia: "Papa, mama atasema nilimutupa."

Mwaka huu nikaona konji yetu inaangukia kazi tano. Nikamuuliza Odile konji ya kwao iko lini. Akasema iko konji ya balimaji, bantu ba mashamba, kazi moja, ile Jumatatu yenye inafuata. Inchi mbili zinapeana mukono na hakuna muntu aliona. Miye, mwenye niliacha masomo ku mwaka wa tatu, niliona.

Nikaita Kasongo, mukubwa wao. "Mwaka huu siku ya bazazi itakuwa siku ya Mungu, tarehe tatu."

"Papa, tarehe moja ni tarehe moja."

"Nani muzazi hapa?"

"Ni we. Lakini bantu batatucheka."

"Bacheke. Haina kodi."

Nikafungia jembe na chokaa mu chumba yangu, muntu asikusafishe mbele ya Odile.

Kazi tano nilikuya kwako kukusalimia mikono mitupu. Makaburi yote inangaa, yako tu majani inafika ku magoti. Dada yako akasimama pale mbele ya bantu: "Shemeji, dada yangu ulimuacha mu pori?" Nikamujibu anangojea mugeni. Mangaribi batoto bakaleta bukari ya unga ya mahindi na kuku. Nikakataa, nikakunywa chai. Kasongo akasema, "Papa, ukikufa njaa siku ya bazazi tutaambia bantu nini?" Nikasema, "Museme baba yenu alikuwa kichwa nguvu. Banajua."

Siku ya posho, Jumamosi, Odile akavuka mupaka wa Kasumbalesa, akapita pembeni ya ule mustari wa makamyo, na binti yake ku mukono. Siku ya Mungu, kisha misa, tulikuwa peke yetu ku makaburi. Hakuna kusukumana, hakuna kelele. Nikamupa Odile jembe. Kasongo akataka kusaidia, nikamukamata shati. Odile akaweka jembe chini, akapiga magoti, akangoa majani na mikono yake, anasema na we polepole. Sikusikiliza. Binti yake akapaka chokaa ku musalaba na ku viatu yangu. Kisha Odile akasimama, mikono nyekundu ya udongo, akasema: "Papa, sasa nimezika mama."

Tukapanda bote mu minibus mpaka ku lac Kipopo, batoto bakanipakulia pembeni ya maji. Nilikula ya kazi tano na ya siku ya Mungu pamoja. Kazi moja Odile akarudi bila mbio, inchi yake ingali inalala ku konji.

Basi pumzika, mama. Bakikuuliza kule nani alikutengenezea fasi yako ya kulala, usiseme ni miye. Sema ni Odile. Lakini nani alifanya Odile akuye, ile pia usifiche.

Ule bwana yako,
Baba Kasongo