Vijiti Kila Nilipolala

Jumapili, 2 Machi

Tumbo chini tangu kabla ya jua kutoka. Viwiko juu ya kokoto, umande ndani ya kola. Kilima ni changu peke yangu. Kiko nyuma ya mgodi wa Mashamba, upande ambao magari yake hayafiki. Maua ya shaba yamejaa kote, ila bado yamefumba. Hufunguka jua likiyapiga sawasawa, na hayakai sana. Joto likizidi yanalegea, basi tena.

Nataka picha moja tu. Ua wazi, zambarau yake yote, umande haujakauka. Mwaka jana nilikosa: zamu. Mwaka juzi nilikosa: zamu.

Jua likapanda. Ua la kwanza likaanza kuachia. Simu ikalia. Kidole tumbo cha mtoto wa shule, kimeshapasuka.

Nikafika chumba cha upasuaji na majani kwenye nywele. Mtoto ni mzima. Nimefurahi. Pia nilimkasirikia kidogo, jambo ambalo daktari hasemi, kwa hiyo naliandika hapa.

Jumatano, 5 Machi

Trésor wa kitanda cha dirishani hali, hacheki. Mchimbaji, ameletwa na mguu uliovunjikia shimoni. Nilikuwa na kamera begani, nikamwonyesha ua langu lililofumba, nimchangamshe.

Akakaa wima. Akaikuza picha kwa vidole. Hakutazama ua, alitazama udongo.

"Docteur, hii fasi iko wapi?"

Nikamweleza. Kwa furaha! Njia ya kupita, kichuguu cha kugeukia, kila kitu. Mume wangu husema "nzuri" kabla sijawasha kioo. Huyu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali kuhusu picha zangu tangu niolewe.

Alikula sahani nzima ya bukari. Nikajipongeza.

Jumapili, 9 Machi

Mimi ni mjinga.

Nimezaliwa Kolwezi. Najua, kama kila mtu hapa anavyojua, kwamba ua lile huota penye shaba. Wachimbaji hulisoma kama sisi tunavyosoma kibao cha duka. Na nilimwonyesha mchimbaji.

Nimewakuta wenzake kilimani, wamekaa kwa mstari, beleshi zimelazwa chini kwa adabu. Wakasimama wote kunisalimia. Hawajachimba hata konzi moja. Wananingoja mimi. Maua ni mengi, na kilima ni kikubwa, na hakuna anayetaka kutoboa penye mwamba mtupu. Trésor amewaambia kwamba kamera yenye pua ndefu namna ile haipigi maua. Mtu anayeona ndani ya tumbo la mtu ataona ndani ya udongo.

Nikasema napenda maua tu. Mkubwa wao, Tata Ilunga, akavua kofia.

"Docteur, tunakuheshimia sana. Lakini bantu ba masomo habalalake mu matope juu ya maua. Usituchezee."

Nikaona bora nipige picha zangu niondoke. Nikalala. Nilipoinuka, mmoja akachomeka kijiti pale tumbo langu lilipokuwa. Nikahamia kwingine. Kijiti. Nikachuchumaa tu kufunga kamba ya kiatu. Kijiti.

Sikupiga picha hata moja ya maana. Nikateremka na hasira zangu.

Jumatatu, 10 Machi

Trésor anaongoza mambo yote ya kilima kwa simu, mguu umetundikwa hewani. Nikamwambia awarudishe watu wake. Akanitazama kwa upendo mkubwa.

"Docteur, usiogope. Part yako iko, hakuna mwenye ataikula."

Nikamwapia kwamba sitaki fungu lolote. Akakonyeza.

Mtu wa dawa ya usingizi hanisemeshi. Hata katikati ya upasuaji, ananiambia presha ya mgonjwa kwa ukali. Nimeuliza kosa langu. Kumbe nimepata filoni, mshipa wa shaba, na sijamwita, na tumefanya kazi pamoja miaka yote hii! Nikakana. Kukana ndiko kumenimaliza. Hapa mwenye kitu ndiye anayekana. Asiye na kitu hujisifu.

Mchana mkurugenzi akaniita ofisini. Nilidhani ni kuhusu nyuzi zilizokwisha. Akafunga mlango mwenyewe.

"Docteur, tuko équipe moja. Usikule peke yako."

Jumamosi, 15 Machi

Silali. Wamechoka kuningoja, wataanza Jumatatu, penye vijiti. Maua yatakwisha kwa wiki. Naogopa hilo. Naogopa pia mashimo kuwafukia, maana mimi ndiye nitakayewashona. Ni aibu kwamba hofu ya maua ilikuja kwanza. Lakini ilikuja kwanza.

Nikiendelea kwenda, wanachimba. Nisipokwenda, wanachimba, maana wataona nimewaficha.

Njia ni moja. Kulala kwangu kusiwe na maana yoyote.

Jumapili, 16 Machi

Nilianza kilimani, mbele yao. Nikalala chini kabisa, kwenye mwamba mtupu. Kijiti. Nikalala barabarani. Kijiti, kwa wasiwasi kidogo. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, kuelekea mtaa wa Manika, nao nyuma yangu, watatu watatu kwenye za kwao. Nikalala mbele ya tanuri la matofali, nikapiga picha tofali. Nikapiga picha mbuzi, kwa karibu, mpaka akanipengea kamasi. Misa ilipokwisha nikalala kwenye lango la kanisa na kupiga picha soksi iliyoanikwa ng'ambo ya njia. Waumini walinipita kwa kunizunguka. Kwaya nzima.

Vijiti viliwaishia sokoni. Tata Ilunga alisimama na cha mwisho mkononi, akanitazama nikimpigia picha muuza samaki ndoo yake tupu. Hakukichomeka. Alikaa nacho tu.

Magoti yananiuma. Nimefurahi kupita kiasi.

Jumatano, 19 Machi

Naendelea, nisije nikashukiwa kuwa nimepona. Asubuhi uani hospitalini, chini ya kamba ya mashuka, wauguzi wote madirishani. Jioni kwenye tuta la maharage la mama mkwe.

Hilo lilinigharimu. Amekuja kutoka Musumba, mji wa mfalme wao, kukaa nasi, safari ya siku na siku kwenye matope, mama wa heshima zake. Kwao mke wa mwanawe hata kukaa hovyo mbele yake hakai. Mimi nilikuwa kifudifudi miguuni pake, natafuta mwanga mzuri kwenye jani lenye tundu.

Hakufoka. Heri angefoka. Aliinama akanitoa udongo mgongoni, akasema kwa upole.

"Mama, bajirani banauliza kama uko mugonjwa. Mi nabajibu: bado kidogo."

Usiku wamekuja wanawake wa maombi. Waliniwekea mikono kichwani, mmoja akataka na kamera iombewe. Mume wangu alitoka nje, akidai anatafuta chumvi. Nilimsikia akicheka huko.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekagua mguu wa Trésor. Hataki kunitazama machoni. Mwishowe akanishika mkono.

"Docteur, baliisha kurudia ku mashimo yabo. Banasema kichwa yako ilichoka. Mi nilibaambia bakuache, batu beko banakutumikisha sana."

Akanipa chungwa lake. Nililipokea. Nilitoka wodini nikiwa nimeshinda, chungwa mkononi.

Ijumaa, 21 Machi

Mkurugenzi tena. Safari hii mlango aliuacha wazi, na muuguzi mkuu akakaa karibu. Sauti ya chini, ile tunayotumia na familia za wagonjwa. Eti nimefanya kazi kupita kiasi, kila mtu ameona. Likizo, kuanzia kesho, yenye mshahara.

Nimeiomba likizo hii miaka miwili. Niliiomba kwa barua, kwa mdomo, kwa machozi mara moja. Nilichotakiwa ni kulala mbele ya kanisa.

"Pumzika, Docteur. Lakini bila appareil ya picha."

Jumanne, 25 Machi

Likizo, anga safi, hakuna zamu. Maua yako kwenye ubora wake wiki hii, halafu basi. Sijawahi kuwa na asubuhi tupu namna hii katika msimu wake.

Na siwezi kwenda.

Njia ya kilimani inapita katikati ya kambi ya wachimbaji. Nimejaribu kuazima beseni la mama mkwe, nijifanye naenda kuchuma uyoga, kamera chini ya kitambaa. Sikufika mbali. Dereva wa moto akapunguza mwendo, akaniuliza kwa huruma kama leo nitalala wapi. Wengine wawili wakageuza shingo kuona beseni linaelekea upande gani. Nikageuka. Nikanunua uyoga sokoni, nikarudi nao.

Nikienda siku moja tu, watajua kwamba kati ya pote nilipolala, kilimani ndipo ninaporudia, na watachimba.

Nimelia jikoni. Nimesema ni vitunguu. Mama mkwe aliutazama uyoga, akautia sufuriani.

Jumapili, 30 Machi

Mume wangu na mama yake wamekwenda misa. Kamera iko juu ya kabati, nimeitoa betri.

Nililala kitandani, chali. Mwanga uliingia kwenye ukuta wa bafu, ukashuka, ukafika kwenye ndoo. Huo ndio urefu wa jua ninaoujua kutoka kilimani. Sasa maua yanafunguka. Kilima kizima, umande juu yake, na hakuna mtu, hata mimi.

Simu haikulia. Ingelia, ningeshukuru.

Mwanga ulipofika mlangoni niliinuka nikaweka maji ya chai.