Bomba Lilijibu Saba

Jumatatu, 3 Machi

Karatasi thelathini na nane za kusahihisha. Darasa la nne la sekondari, fonksio na kinyume chake. Ishirini na mbili hawajaelewa kitu. Wanaandika tu, mradi ukurasa ujae.

Nimewaambia mara ngapi? Kitu kinaingia, kitu kimoja kinatoka. Kama vitu viwili tofauti vinatoa jibu moja, basi huwezi kurudi nyuma. Kinyume hakuna. Mmoja ameandika kwamba kinyume cha fonksio ni dhambi yake. Nimempa nusu alama. Nimecheka peke yangu.

Deo yuko chini tangu saa moja. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu. Timu yao inachimba kobalti hapa hapa parseli, kiwanjani kwetu, nyuma ya jiko, mita kumi na nane chini ya lile turubai la rangi ya machungwa. Mwenye nyumba alikubali bila kuniuliza. Mi ni mpangaji tu. Nalichukia shimo hilo. Wanaolichimba nawapikia bukari, ugali wetu, na bado nalichukia.

Jumanne, 4 Machi

Kuna bomba la chuma linaloshuka hadi chini kabisa. Wa chini anagonga, wa juu anasikia. Waliniomba mi, mwalimu wa hesabu, niwapangie ishara. Niliziandika kwenye karatasi ngumu, wakaipigilia kwenye mlango wa jiko. Moja: vuta gunia. Mbili: shusha maji. Tatu: vuta mutu. Nne: shukeni, tunahitaji msaada. Kila neno na idadi yake, kila idadi na neno lake. Nilijivuna sana siku ile.

Leo saa sita wote walikuwa juu, wanakula. Najua, mi ndiye niliyewapakulia. Sahani saba, watu saba. Bomba likagonga. Nne, taratibu. Hakuna aliyeacha kutafuna.

Nimemwambia Deo. Amecheka, akaniita Yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake. "Yaya, njo chuma tu, inajinyoosha na jua."

Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Jumatano, 5 Machi

Vijana wa Sandoa wanaochimba kwa jirani wametoboa mpaka kwenye njia yetu huko chini. Nilitegemea ngumi. Wapi! PDG wetu, tata Kalala (tata ni mzee, na hapa kila mkubwa wa timu ni PDG, hata akiwa peku), amekaa na PDG wao, wakanywa, wakakubaliana kuchimba pamoja. Mashimo mawili, chumba kimoja chini, bomba moja kwa wote.

Jioni mmoja wao amekuja kuomba maji. Anaitwa Samy. Mpole, anaongea akitazama miguu yake. Nimemuuliza ishara zao. Moja, mbili, tatu, sawasawa na zetu. Na nne?

"Nne njo musishuke, mama. Udongo inaanguka."

Kwetu nne ni shukeni. Kwao nne ni msishuke. Maneno mawili yanayopingana, mlio mmoja. Aliye juu akisikia nne hawezi kurudi kwenye neno lililotumwa. Somo langu la wiki nzima, liko nyuma ya jiko langu!

Nimemwambia Deo kabla hajalala. "Yaya, tutaipanga siku ya posho, batu bote bakiwa." Yaani Jumamosi, watu wote wakiwepo. Siku tatu tu. Nimeacha. Nilikuwa na karatasi za kusahihisha.

Alhamisi, 6 Machi

Saa nne asubuhi ardhi imeshuka. Nilikuwa darasani. Jirani amekuja mpaka dirishani, amejishika kichwa. Nimekimbia na chaki mkononi.

Chini walikuwa wawili, Deo na Samy. Shimo letu limezibwa. Kupitia shimo la jirani kuna upenyo, mtu mwembamba anapita, lakini udongo wa juu bado ulikuwa unadondoka. Wanaume watano walishajifunga kamba kiunoni. Tata Kalala amewazuia. Kwa muda wa saa tatu tumesimama pale tunasikiliza ardhi.

Saa saba bomba likagonga. Nne. Kimya. Nne. Kimya. Nne.

Wote wakanigeukia mi. Tata Kalala akauliza, polepole: "Mama Prof, anasema nini?"

Sikujua. Kama ni Deo, anatuita. Kama ni Samy, anatukataza. Wale watano wana wake na watoto, nawajua kwa majina. Nikisema shukeni, na aliyegonga ni Samy, nimewazika watano. Nikisema ngojeni, na aliyegonga ni Deo, nimemwacha ndugu yangu afe huku ananiita. Na mi ndiye niliyejua tangu jana, nikaiachia Jumamosi. Nilijichukia.

Ndipo nikakumbuka mashine. Tulipokuwa wadogo, mama akienda soko, mi nilitaja namba, Deo alikuwa mashine. Anaizidisha kwa mbili, anaongeza moja. Nikisema tatu, anatoa saba. Nikisema tano, kumi na moja. Namba mbili hazitoi jibu moja hata siku moja. Alicheza hivyo akiwa na miaka sita, na aliweza kurudi nyuma pia, nikimpa saba ananirudishia tatu. Hatukumfundisha mtu. Ulikuwa mchezo wetu sisi wawili.

Nimechukua nyundo. Nimegonga tatu.

Kimya kirefu. Mtu nyuma yangu alikuwa anasali kwa sauti ya chini. Halafu bomba likajibu. Nilihesabu kwa sauti, na wanaume wakahesabu pamoja nami bila kujua kwa nini. Saba.

Nimegonga tano, ili niwe na hakika. Kumi na moja. Bila haraka. Mlio haukuwa wa nyundo, ulikuwa laini, kama ukucha kwenye sahani. Sikujali. Mungu wangu, furaha niliyokuwa nayo!

"Ni Deo," nimesema. "Shukeni."

Wameshuka.

Ijumaa, 7 Machi

Jana saa kumi na moja wamemtoa Samy, yu hai, wakamkimbiza hospitali. Watano wote wamerudi juu, hakuna aliyekwaruzwa. Deo wamemleta mwisho, ndani ya turubai.

Tata Kalala amemuosha mwenyewe. Ameniambia jiwe la kwanza kabisa ndilo lililompiga, kichwani. Walipomkuta alikuwa wa baridi, mwili umekwisha kukakamaa. "Alikufa palepale saa nne, mama. Hakuteseka."

Nimemuuliza mara tatu. Mara tatu amejibu saa nne.

Saa saba niliongea na nani?

Jumamosi, 8 Machi

Tumemzika. Mvua. Viatu vya watu wote vilijaa udongo mwekundu.

Jumatatu, 10 Machi

Wamefukia shimo. Bomba wameling'oa, wameliegemeza ukutani. Batoto wa jirani walikuwa wanasikiliza ndani yake, wakipeana zamu, sikio kwenye tundu. Hawakuwa wanacheka. Nimewafukuza kwa ukali ambao siujui umetoka wapi. Mdogo kuliko wote ameniuliza kama naye anaweza kujibu.

Sikumuuliza kujibu nini. Nimeingia ndani, nimefunga mlango.

Jumanne, 11 Machi

Nimekwenda hospitali. Nimekwenda na hasira. Nilitaka Samy aniambie kwamba ni yeye aliyegonga, kwamba Deo alimfundisha mashine yetu huko chini wakati wa kupumzika. Hiyo ingetosha. Majibu yale yale, mtu mwingine. Ningeelewa, ningelia, ningelala.

Mikono yake yote miwili imefungwa plasta mpaka juu ya viwiko.

"Mama, mikono ilikuwa chini ya jiwe tangu mwanzo. Sikugonga kitu."

Amezisikia zile nne. Alidhani zinatoka juu. Halafu akasikia tatu, na saba, na tano, na zile nyingi za mwisho. Nimemuuliza saba ilitokea upande gani. Amegeuza uso ukutani. Ilitokea pale Deo alipolala.

Nimemuuliza kama Deo aliwahi kumwonyesha mchezo wowote wa namba. Hapana. "Mi sikusoma, mama."

Nimerudi kwa miguu, sikutaka kukaa na watu kwenye gari. Naogopa. Naandika wazi: naogopa, na chini ya woga ule kuna furaha, kwa sababu alinijibu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimerudi masomoni. Nimefundisha mraba wa namba. Tatu inatoa tisa, na tatu ya chini ya sifuri inatoa tisa. Ukipewa tisa tu, hujui ni nani aliyeitoa. Kwa hiyo haina kinyume.

Msichana wa dawati la mbele, yule asiyekubali kitu kirahisi, amenyoosha mkono. Madame, sasa mtu akilazimika kurudi anafanyaje?

Nimemjibu inavyoandikwa katika kitabu. Tunakata upande mmoja. Katika mbili zinazotoa jibu moja, tunaacha moja tu ibaki. Hapo kila jibu linakuwa na mwenyewe, na njia ya kurudi inafunguka.

Nimetoka nje, nimesimama kwenye veranda mpaka kengele. Hakuna mtoto aliyenifuata. Nimewashukuru moyoni.

Jumapili, 16 Machi

Mama yake Samy bado yuko njiani kutoka Sandoa, mvua imekata barabara. Hana mtu mwingine hapa. Nimepika bukari na sombe, majani ya muhogo, nimempelekea.

Hawezi kushika kitu. Nimenawa, nimekaa kitandani, nimemlisha kwa mkono wangu. Mwanzoni niliona uchungu kumtazama akitafuna. Taya zinazofanya kazi. Nilitaka ziwe za mtu mwingine, na sikujifichia hilo.

Nimemwambia ukweli wote, kwa sababu ni haki yake. Kwamba sikumtafuta yeye. Kwamba ningejua Deo amekufa, zile nne ningezisoma kwa namna ya Sandoa, na nisingemruhusu mtu hata mmoja kushuka. Angebaki kule.

Ametazama miguu yake. "Najua, mama."

Kisha akafungua mdomo. Nimemega tonge jingine, nimelipuliza lipoe, nimempa.