Mizizi ya Impwa

Dilala, 9/2/2025

Joyeuse mutoto wangu,

Jambo kule Lubumbashi. Afya ginsi gani? Huku tuko, goti tu njo inanisumbua.

Tomati ziko zinakufa. Asubuhi zimesimama, mangaribi zimelala, majani ikingali ya kijani. Parcelle, hiki kiwanja, ni ya marehemu babu yako, kila mutu wa jamaa ana mudomo. Baba yako mudogo Numbi anataka ba creuseurs bachimbe cobalt humu. Tulipatana: tomati zikizaa, bataenda fasi ingine. Zikikosa, banachimba. Kwa jirani mama Angèle balichimbaka, sasa nyumba iko na mupasuko toka mulango mpaka paa.

Wewe njo unasoma magonjwa ya mimea. Sema kitu.

Tata yako

Lubumbashi, 16/2

Tata,

Jambo sana. Mi niko muzima. Goti mulipumzishe.

Mukate kipande cha shina, mutie mu glasi ya maji safi. Uzi mweupe ukishuka kama maziwa, njo bakteria.

Mumea haina askari wa kutembea mu mwili kama sisi, kila chembe inajilinda. Bakteria ikigusa, kalsiumu inaingia mu chembe ghafla. Mule muna proteini zinazoingoja. Zikiikamata zinageuka umbo, zinaamusha ulinzi. Tomati zetu zinachelewa kuamuka. Hapa labo natafuta zile zinazowahi.

Binti yenu

Dilala, 2/3

Joyeuse,

Jambo. Uzi ulishuka, mweupe kabisa.

Mi na rafiki yangu Kabemba tulisoma ile uliandika, tukaelewa: kalsiumu. Yeye anatumika ku usine, kiwanda cha shaba, kule chokaa iko magunia kwa magunia, na chokaa njo kalsiumu. Aliniletea gunia moja. Nilimwaga yote ku mizizi. Yo! Tomati zimeungua, hata moja haikubaki. Numbi alikuja, akaangalia, hakucheka. Hiyo njo iliniumiza.

Impwa tu, zile nyanya chungu za ku ukuta, njo zimesimama. Chokaa sikutia kule, lakini ugonjwa ulipita mule mule.

Tata

Lubumbashi, 4/3

Tata,

Pole sana. Kalsiumu ilikuwa mu tomati tangu zamani, ya kutosha. Iliyokosa ni kuisikia mapema. Impwa mi nafikiri zinasikia. Musiziguse! Tunakata impwa changa, tunafunga tomati juu yake: mizizi inalinda, kichwa kinazaa. Nakuja Ijumaa. Mumwambie baba Numbi angoje.

Binti yenu

Lubumbashi, 11/3

Tata, jambo. Mvua ilikata barabara, bus ilirudi. Mbona hamujibu? Niko na woga.

Joyeuse

30/3

Mutoto wangu,

Jambo. Goti ni vile vile. Sikujibu juu ya haya.

Numbi hakungoja. Shimo liko pale tomati zilikuwa, limepita urefu wa nyumba. Nilisimama mbele ya impwa na jembe, nikasema hapa hapana. Ba creuseurs balizunguka. Lakini ku ukuta wa chumba changu kulikuwa kamustari tangu siku za kwanza za kuchimba. Nilisema ni rangi ya zamani. Leo mukono unaingia.

Nimeng'oa impwa. Mizizi nimeiosha muzuri, udongo ule uko na ugonjwa, nimezifunga mu kitambaa cha maji. Naandika hii mu bus ikingali inangoja abiria, impwa ziko ku magoti; dereva wa ile inatangulia atakuletea. Nyumba nimeiachia Numbi.

Utafute fasi ya kupanda, hata ndogo. Utungoje ku kituo.

Tata yako